Diwani Saad Abdurahmani na Hesabu ya Mbungani

Marehemu Saad Abdurahmani alizaliwa Njinjo, wilayani Kilwa, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Abdurahmani na Bi Kidawa. Msibani kila mtu husifiwa, hata kwa asichokuwa nacho. Yeye alilikataa hilo mapema. Alimwusia mdogo wake Nassibu, anayewasomea haya, kwamba asipambwe na habari za Mbungani zisirukwe. Basi hazitarukwa.

Alisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi papo hapo Njinjo, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Akalima ufuta na korosho, baadaye akawa karani wa mizani wa chama cha wakulima.

Mwaka 1988 alimwoa Bi Batuli Ibrahimu wa Mingoyo. Siku ya posa hakumwachia mshenga nafasi. Aliongea mwenyewe mpaka chai ikapoa. Mama mkwe akasema kutoka ndani, “Mpeni mke huyo, huenda akanyamaza.” Akapewa, na hakunyamaza.

Mdomo huohuo ulimpa udiwani mwaka 2010, na tena 2015. Alihangaikia zahanati, ikajengwa. Zaidi ya yote aliwapigania watu wa kitongoji cha Mbungani, waliokaa bondeni kando ya mto, wapewe viwanja mlimani. Ombi likakubaliwa: maofisa wangekuja Jumatatu, tarehe 27 Januari 2020, kuhesabu kaya. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tano, na wengi walikwisha kuhamia kwa ndugu zao mlimani. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, marehemu alisimama nje ya msikiti akatangaza, “Asiyekutwa nyumbani kwake hapati kiwanja.”

Watu wakarudi bondeni. Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, mto ukaja. Walikufa kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa watoto wa Bi Mwanaheri Rashidi: Huseni, Naima na Sadick. Mama yao aliwarudisha Ijumaa ileile, kwa neno la diwani.

Alikosea. Nia yake ilikuwa njema, lakini maji hayaulizi nia, na yeye mwenyewe hakutaka mtu amtetee kwa hilo. Viwanja vilitolewa mwezi Machi. Uchaguzi wa mwaka ule hakuchukua fomu.

Tangu hapo, kila Ramadhani ilipokaribia, watu wanapotakana radhi, alipanda mlimani kwa Bi Mwanaheri. Alipewa kigoda, akapewa na maji. “Kunywa, diwani,” mama yule alimwambia. “Ila ulichokifuata sina.” Akirudi alikaa uani kutwa nzima, kimya. Bi Batuli alikuwa akisema, “Heri kelele zake za zamani.”

Kisukari kilimwanza mwaka 2021. Mwaka 2023 alikatwa mguu wa kushoto, na mwaka huu figo zikachoka. Mlimani hakuweza kupanda tena, na hilo lilimuuma kuliko mguu.

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, Bi Mwanaheri alikuja mwenyewe kwa bodaboda. Akakaa kwenye mkeka karibu na kitanda.

“Saad,” akasema, “Huseni na Naima niliwaona, nikawazika. Radhi yao nimekupa, kwa moyo wangu wote. Sadick hajaonekana mpaka leo. Ya kwake siwezi kukupa mimi. Ukifika, kamwombe mwenyewe.”

“Nitamwomba,” marehemu akajibu.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 17 Mei, kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka sitini na minne. Ameacha mjane, Bi Batuli. Watoto wanne, Hussen, Warda, Mwanaidi na Stefano aliyemlea kama wa kumzaa. Wajukuu saba, na mdogo wake Nassibu.

Sadick alikuwa na miaka tisa. Mwenyezi Mungu amfikishe ndugu yetu kwa mtoto yule, amwombe, akubaliwe. Ndipo apumzike.