Bi Asila Sulemani, Spika wa Barazani

Tak. Tak. Tak.

Wasikilizaji wapendwa, hizo ni betri mbili zinagonganishwa gizani. Ni alfajiri, mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Umeme umekatika. Betri zimechoka, na mwenye redio anazigonganisha zimpe dakika kumi nyingine za taarifa ya habari. Majirani waliosikia tak tak ile kupitia ukutani walikuwa wanajua. Bi Asila ameamka. Bi Asila anataka kusikia kama Bunge la Uingereza limeamua.

Halikuamua. Nalisema mapema, ili tusidanganyane.

Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili Desemba, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Ni siku ya arobaini tangu Bi Asila Sulemani atutoke. Na leo hii hii Waingereza wako kwenye foleni wanapiga kura nyingine, kuchagua bunge jingine, kwa sababu lile la kwanza liliwashinda. Mimi ni Dafrosa, na saa hii ni ya kumkumbuka Bi Asila. Bi Asila Sulemani, mpika halua wa Ng'ambo, aliyefariki akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Baba yake alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, mfanyabiashara wa asali na nta. Mama yake alikuwa Mnyamwezi. Kwa hiyo Bi Asila alipika halua ya Kimanga kwa asali ya Kinyamwezi, kwenye sufuria ya shaba ambayo watu wawili walihitajika kuinyanyua. Halua yake ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ukiila unasikia moshi wa porini kwa mbali. Nimekula. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Alikuwa na watoto wawili. Azhar, ambaye yuko hapa Tabora, ana karakana ya kuchomelea vyuma. Na Asmahani, ambaye yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Asmahani aliolewa huko huko na Mreno. Karatasi zake za kuishi Uingereza zilitokana na mumewe, na mumewe yuko pale kwa sababu Ureno na Uingereza zote zilikuwa kwenye Umoja wa Ulaya. Shikilieni hapo, wasikilizaji wapendwa, maana ndipo mambo yote yalipokwama. Karatasi za Asmahani zilisimama juu ya Umoja wa Ulaya. Na Uingereza ikasema inatoka kwenye Umoja wa Ulaya.

Sasa, Bi Asila alikuwa na shangazi yake, akiitwa Tufaha. Bi Asila akiwa msichana wa miaka kumi na tano, shangazi Tufaha aliaga kwenda Maskati kumuuguza dada yake. Aliaga kwa wiki sita. Akiwa huko, sheria za karatasi zikabadilika. Wiki sita zikawa miaka thelathini na moja, na mwisho akazikwa huko huko. Kanga zake zilibaki zimekunjwa kwenye sanduku hapa Ng'ambo.

"Mama hakuisahau ile," anasema Azhar. "Kwake yeye, usitoke kwenye nchi ya watu wakati wanabadilisha sheria. Utarudi ukute mlango umefungwa."

Kwa hiyo ni Bi Asila mwenyewe aliyemwambia binti yake: usije. Naomba nirudie, maana wengi mtaani walidhani Asmahani ndiye aliyekataa. Hapana. Asmahani alitaka kuja, amlete mtoto wake wa miaka mitano aonane na bibi yake kwa mara ya kwanza. Mtoto huyo naye anaitwa Tufaha. Ni Bi Asila aliyesema: "Subirini bunge liamue. Likishaamua, mje."

Hapo ndipo kusubiri kulipoanza.

Tarehe kumi na tano Januari, bunge lao likapiga kura juu ya mkataba wa kuondoka. Ukakataliwa. Tarehe kumi na mbili Machi, mkataba ule ule ukarudi. Ukakataliwa. Tarehe ishirini na saba Machi wabunge wakasema sisi wenyewe tutatafuta njia, wakaleta hoja nane. Hoja nane, wasikilizaji! Zote nane zikakataliwa. Tarehe ishirini na tisa Machi, siku yenyewe ya kuondoka, mkataba ukaletwa mara ya tatu. Ukakataliwa mara ya tatu. Serikali inavuta huku, wabunge wanavuta kule, chama kimoja kinagombana chenyewe kwa chenyewe. Waziri mkuu akaondoka, akaja mwingine. Siku ya kuondoka ikasogezwa mpaka Aprili, ikasogezwa mpaka Oktoba.

Mimi nilisoma masomo ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni. Mwalimu wetu wa uraia alituandikia ubaoni kwamba bunge ni mahali pa kuamua. Nikaandika hivyo kwenye daftari na nikapigia mstari. Mwaka huu, nawaambieni kweli, nimetamani kumtafuta yule mwalimu nimrudishie daftari lake.

Maana huku Ng'ambo, kila tarehe ile ilipokaribia, Bi Asila alipika halua ya kumpokea mwanawe. Machi alipika, ikaliwa na majirani. Aprili akapika, ikaliwa na majirani. Oktoba akapika tena.

Na jioni, kwenye baraza la nyumba yake, kulikuwa na bunge la pili. Wajumbe walikuwa watatu. Wa kwanza ni Bi Asila. Wa pili ni Bwana Jivraj, mwenye duka la vitambaa jirani. Wa tatu ni Mzee Saidi, Mzaramo wa Kisarawe, mstaafu wa reli, aliyebadilisha njia za treni stesheni ya Tura miaka ishirini na sita. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Hilo halihitaji maelezo Tabora. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukamkaribisha kahawa.

Hoja ya bunge lile ilikuwa moja tu: Asmahani aje, au asije.

Mzee Saidi alikuwa upande wa aje. Bi Asila alikuwa upande wa asije. Bwana Jivraj, anavyosema mwenyewe, alikuwa upande wa kahawa.

"Nyie Wanyamwezi mna ugonjwa," Mzee Saidi alikuwa akimwambia. "Mlibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu kwa mguu. Leo hakuna pembe, umeona ubebe bunge la watu!"

"Na nyie mlikuwa mnatungoja pwani mmekaa," anajibu Bi Asila, "mnakula kivulini. Nani alikuambia Mzaramo anajua uzito wa mzigo?"

"Mwite mtoto aje."

"Sheria haijapita."

"Sheria ya nani? Wewe umewahi kufika hata Nzega?"

Watu waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Ilikuwa ni burudani. Lakini Bwana Jivraj amenieleza kitu ambacho hakikuwa burudani. Tarehe ishirini na nane Oktoba, ilipotangazwa kwamba siku ya kuondoka imesogezwa tena, mpaka mwisho wa Januari, Mzee Saidi alifika barazani hana utani. Bi Asila alikuwa amevimba miguu tangu Agosti, na siku ile alikuwa anahema akiwa amekaa. Sufuria ya halua ilikuwa bado ya moto.

Mzee Saidi akasimama. Akasema: "Naleta hoja. Asmahani aambiwe aje wiki hii. Wanaoafiki waseme ndiyo." Akasema mwenyewe, ndiyo.

Bwana Jivraj akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, akasema: "Ndiyo. Mama Azhar, nisamehe. Ndiyo."

Kura mbili kwa moja. Hoja imepita, sivyo?

Bi Asila akaangalia barabarani. Kisha akasema: "Baraza ni langu, Spika ni mimi. Kikao kimeahirishwa."

"Huwezi!" Mzee Saidi akapiga kelele. "Umeshindwa, Bi Asila! Umeshindwa kwa kura!"

"Nimesema kimeahirishwa. Kuleni halua."

Wakaila. Ilikuwa bado ya moto, wakaila. Bwana Jivraj anasema hajawahi kula kitu kitamu kwa hasira namna ile. Na mimi nikimsikiliza nilikasirika, wasikilizaji wapendwa, nikakasirika na mtu ambaye ninampenda na ambaye hayupo. Maana kule London walifanya hayo kwa nchi nzima, na huku tukayafanya kwa mama mmoja, na huku pia aliyeshindwa kura hakukubali kushindwa.

Siku sita baadaye, Jumapili ya tarehe tatu Novemba, alfajiri, redio haikuwashwa. Azhar ndiye aliyeingia kumtazama.

Alizikwa siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Jeneza lilipofika mlangoni, Mzee Saidi akakimbilia kizingitini, akatandaza mikono. Ni haki yake, ni mtani.

"Hatoki mtu hapa!" akasema. "Kikao kiliahirishwa, hakikufungwa. Spika anaondokaje?"

Watu wakacheka, kama inavyopasa.

"Haya. Wanaoafiki Spika aondoke, waseme ndiyo!"

Akatega sikio ndani, akatega nje. Hakupata ndiyo hata moja.

"Wasioafiki?"

Nyumba nzima ikasema siyo. Wanaume nje, wanawake ndani, Bwana Jivraj na mkewe barabarani. Siyo. Na mimi nilisema siyo.

"Wasioafiki wameshinda," akasema Mzee Saidi. Akabaki amesimama hapo. Azhar akamwambia taratibu, "Baba Saidi, mpishe mama." Basi akasogea. Akaweka bega lake chini ya jeneza, upande wa mbele, mzee wa miaka sabini na nne, akakataa kupokelewa mpaka makaburini. Njiani alikuwa anasema peke yake, "Leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi. Leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi."

Asmahani hakusubiri Januari. Siku ile ile ya msiba, kabla ya kukata tiketi, alimpigia wakili wa mambo ya uhamiaji. Hakuwahi kumpigia kabla ya hapo. Wakili akamwambia asome tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake ya ukaazi. Akaisoma. Kadi ilikuwa na miaka miwili mbele.

Nimeongea naye. Maneno yake nayasema kama alivyoyasema: "Mazungumzo yalichukua dakika nne. Aliniambia nenda na urudi, hata mwaka jana ungeweza kwenda na kurudi. Dada Dafrosa, mimi na mama tulisikiliza bunge mwaka mzima. Tulijua kura zote, tulijua nani kamkatalia nani. Hatukumwuliza mtu hata mmoja swali letu wenyewe."

Basi. Hakuna aliyemfungia mlango. Nimelisoma hilo mara nyingi katika karatasi yangu hapa, na kila nikilisoma natamani liwe uongo.

Asmahani alikuja na mtoto. Mzee Saidi hakuvumilia kuwangoja stesheni ya Tabora. Alitangulia kwenda Tura, akapanda treni yao pale, akawatafuta behewa kwa behewa mpaka akawapata. Asmahani anasema alimwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia marahaba akaanza kuomba radhi, mpaka abiria wengine wakageuka.

Kwa Azhar, kwa Asmahani na mumewe, kwa ukoo wote wa Sulemani, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mama yenu aliwapenda kwa woga, na woga ule ulikuwa na sababu yake. Msimlaumu. Bwana Jivraj, pole. Mzee Saidi, shikamoo, na pole sana. Ulileta hoja nzuri, na ilipita. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Asila Sulemani.

Na wewe unayenisikiliza, uko Ipuli, uko Tura, uko jikoni unachambua mboga. Mfikirie mtu mmoja uliyemwambia asubiri kwanza. Asubiri mpaka mambo yatulie, mpaka wakubwa waamue. Jiulize ni nani hasa aliyekukataza. Mimi bado naamini yapo mengi tunayoweza kuyaamua wenyewe jioni hii, kabla mboga haijaiva. Piga simu. Uliza.

Jumamosi nilikwenda Ng'ambo na kinasa sauti. Tufaha mdogo alikuwa amekaa barazani, miguu inaning'inia, anakula halua aliyoipika mama yake, haijashika vizuri. Nikamuuliza safari ilikuwaje. Akanihesabia kwa vidole: nimelala mara moja kwenye ndege, nimelala mara moja kwenye treni, nikaamka Mzee Saidi analia. Kisha akamgeukia mama yake, akasema hivi:

"Mama, kumbe kwa bibi si mbali."