Historia ya Leland Kvamme, Aliyekataa Kuuza Kipande cha Kaskazini

Mchungaji Tollefson, mama yetu Marlys, ndugu na jamaa mlio karibu na mliopasua theluji kutoka mbali, na nyinyi makamishna wa kaunti mliokaa safu ya tatu, familia imemteua mwanawe wa kwanza, Darrel, asome maisha ya marehemu, na kwa kuwa marehemu alikatizwa sana katika miaka yake ya mwisho, familia inaomba leo asikatizwe.

Marehemu Leland Arvid Kvamme alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946, katika nyumba ya mbao ya babu yake, maili tisa kaskazini mwa mji wa Esker, jimbo la North Dakota, akiwa mtoto wa tatu wa Arvid na Selma Kvamme, na wa kwanza kati yao kuishi hadi utu uzima. Alisoma shule ya chumba kimoja ya barabara ya kanisa kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, kisha shule ya sekondari ya Esker, alikohitimu mwezi Mei 1964, akiwa hodari wa hesabu na, kwa maneno ya mwalimu wake yaliyoandikwa kwenye cheti, mbishi kupita kiasi.

Mwaka 1962, Leland akiwa na miaka kumi na mitano, walikuja maofisa wa serikali wakiwa na ramani, wakasema wanahitaji ekari moja katikati ya ngano, kwenye kipande cha kaskazini, ili wachimbe shimo la kombora, na baba yake Arvid, mtu ambaye angebishana nusu siku kwa bei ya ndama, hakubishana hata kidogo. Aliwaambia, "Kama ni la kuwazuia Warusi, chimbeni, lakini mfunge lango mkitoka." Tangu siku hiyo, kwa miaka sitini, Leland alilima akizunguka uzio ule, mwanga wa taa zake ukiingia jikoni mwake, na hakuwahi kulalamika, kwa sababu aliamini kwamba nchi huru ina gharama na kwamba gharama nyingine humwangukia mtu shambani kwake.

Alijiunga na jeshi la anga tarehe 9 Agosti 1965, akapelekwa Montana kulinda mashimo kama lile la kwao, akatumikia miaka minne, akarudi na cheo cha sajenti na masikio yaliyoharibiwa na baridi. Alikuwa akipenda kusema kwenye ghala la nafaka, pale wazee wanapokunywa kahawa kila asubuhi, "Nililinda mashimo ya watu miaka minne, nikarudi kulinda la kwangu bure." Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Marlys Oberlander, katika kanisa hili hili, ingawa baba mkwe wake, Mzee Emil, alikuwa mtu wa chama cha Democrat kufa na kupona, na Leland wa Republican, na alimwambia mlangoni, "Kijana, binti nakupa, kura yangu hupati." Walikaa pamoja miaka hamsini na mitatu. Walijaliwa watoto wawili, Darrel, aliyezaliwa mwaka 1972, na Joleen, aliyezaliwa mwaka 1975, ambaye ni muuguzi mjini Bismarck, na wajukuu wanne.

Kuanzia mwaka 1992 hadi 2008 marehemu alikuwa mwenyekiti wa chama cha Republican katika kaunti yetu, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaamini nini akakosa jibu: serikali ndogo, jeshi lenye nguvu, mipaka inayolindwa, kodi inayobebeka, na mtu aachwe afanye atakavyo na mali yake. Wanasiasa waliokuja hapa kuomba kura walilala kitandani kwake na kula mayai ya Marlys, na baadhi yao sasa wako Washington na hawakumbuki njia ya kurudi. Vita vya Iraq alivitetea kwa sauti kubwa, na mwaka 2006, kijana wa akina Lindgren aliporudishwa kwenye jeneza, alikwenda nyumbani kwao, akakaa, akawaambia wazazi wake kwamba yeye alikosea na kwamba waliomdanganya walikuwa wa chama chake. Hayo hakuyasema gizani, aliyarudia kwenye mkutano wa chama, na wapo waliomnunia mwaka mzima.

Sasa familia inafika mahali ambapo haitapamba maneno. Mwaka 2003 marehemu aliongoza kampeni ya kufuta sheria ya kaunti ya mipango ya ardhi, ile iliyowapa makamishna uwezo wa kukataa kinachojengwa na mahali kinapojengwa, kwa sababu aliona ni haramu mtu wa ofisini kumpangia mkulima la kufanya shambani kwake. Karani wa kaunti wakati huo, Bi. Verna Schatz, alisimama ukumbini akauliza, "Na siku akija mnunuzi msiyemtaka, mtamzuia kwa sheria gani?" Leland akamjibu, "Verna, nani huyo atakayekuja huku kwenye baridi hii?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, sheria ikafutwa kwa kura nyingi, na wengi mliocheka mko hapa leo.

Mnunuzi alikuja mwaka 2021. Ilikuwa kampuni ya kusaga mahindi, yenye jina zuri la kizalendo na tai kwenye nembo yake, nayo ilinunua mashamba matatu kwa mpigo, la mashariki, la magharibi na la kusini, yote yakipakana na kipande cha kaskazini chenye shimo la kombora, kwa bei ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuisikia. Leland hakuwa na haraka ya kumshuku mtu, lakini aliagiza karatasi za usajili, akazisoma majira yote ya baridi kwa miwani ya Marlys, akakuta kwamba nyuma ya kampuni kuna kampuni, na nyuma ya hiyo kuna nyingine, na mwisho wa yote kuna ofisi ya serikali ya China. Aliweka karatasi mezani akamwambia mama yetu, "Marlys, wanataka kuweka mnara wa maghala, futi mia mbili, utazame ndani ya uzio wetu." Mama akamwuliza, "Na nani wa kuwazuia?" Akavaa koti, akaenda mjini, akagonga mlango wa Bi. Verna, akasimama barazani kwenye upepo akiwa na kofia mkononi, akamwomba radhi baada ya miaka kumi na minane.

Aliandika barua kumi na moja Washington. Ofisi moja ilimjibu kwamba suala hilo haliko ndani ya mamlaka yake, kwa kuwa orodha yao inataja kambi za jeshi na haitaji mashimo yaliyo katikati ya ngano, na nyingine ilimtumia picha yenye sahihi ya mheshimiwa. Ndugu zangu, watu hao hao huonekana kwenye televisheni kila jioni, wa chama chetu na wa chama kile, wakibamiza meza kuhusu usalama wa taifa, wakiapa kuhusu mpaka wa kusini, wakijipiga kifua kuhusu China, na mzee mmoja aliyebeba bunduki kwa ajili yao anapowaandikia kwamba adui ameshanunua hadi kwenye uzio, wanamtumia picha! Na wawakilishi wetu wa jimbo, ambao Leland aliwabandikia mabango kwa mikono yake, walikuja kupigwa picha wakiwa na koleo na kofia za ujenzi, wakasema ni ajira.

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Kampuni haikuwa na njia ya malori wala bomba la maji bila kupita kwenye ekari mia moja na sitini za kipande cha kaskazini, na Leland alikataa kuuza. Walimpandishia bei mara nne. Tarehe 6 Desemba 2022 makamishna walikutana kuipa kampuni barabara ya kaunti na msamaha wa kodi, na marehemu alijiandikisha kusema, akapewa dakika tatu kama kila mwananchi, na kengele ya mezani. Alisimama akasema, "Mimi ndiye niliyewafunga mikono mwaka ule wa 2003, na nililia haki ya mwenye mali, na bado naililia, lakini sikujua kwamba nawafungulia mlango watu ambao kwao hakuna mwenye mali. Nimekosea. Nisaidieni kurekebisha." Alikuwa bado anasema kengele ilipolia. Mwenyekiti Gaylen Brosz, aliyevua naye samaki kwenye barafu kwa miaka arobaini, alimwambia, "Leland, muda wako umekwisha, kaa chini bwana, unatuchelewesha chakula." Watu wakacheka. Kura zilikuwa nne kwa moja, kampuni ikashinda, ingawa barabara yenyewe bado ilihitaji ardhi ya Leland.

Alivyorudi usiku ule si Marlys peke yake anayekumbuka. Mji mzima ulijua, kwa sababu tangu kesho yake hakukanyaga tena kwenye ghala la nafaka, na kiti chake pale wazee walikiacha wazi kwa wiki mbili, kisha mtu akakikalia.

Yatupasa kusema pia ya nyumbani, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeyaficha. Mwanawe Darrel, huyu anayewasomea, alitaka kuuza. Machi 2023, kwenye banda la matrekta, alimwambia, "Baba, ni soko huria, ndilo ulilonifundisha tangu nikiwa mtoto, sasa bei imekuja unageuka?" Marehemu alifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama, akasema, "Nilikufundisha nusu yake, mwanangu. Nusu nyingine niliijua nikiwa nimechelewa."

Tarehe 18 Aprili 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Bismarck, akakonda, akakataa kulala kitandani mchana, na Septemba hiyo alitazama mavuno yake kutoka dirishani mwa pikapu, akiwa na blanketi miguuni na akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Novemba, Gaylen alipokuwa ameanza kumpelekea Darrel maneno ya kampuni, marehemu akiwa wodini alimwuliza mwanawe, "Ulimwambia nini Gaylen?" Darrel akajibu, "Nilimwambia asubiri." Mzee akauliza, "Asubiri nini?" Wote wawili walijua kwamba kilichokuwa kikingojwa ni kifo chake, na hilo Darrel atalibeba hadi siku yake, na halaumiwi mtu mwingine kwa hilo ila yeye. Marehemu alifariki dunia nyumbani, tarehe 27 Januari 2024, saa moja na robo asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake.

Familia inamshukuru kwa dhati Daktari Helen Tsai, ambaye wazazi wake waliikimbia serikali ile ile ya China, aliyebishana naye kuhusu kodi kila Jumatano na kumshinda mara mbili kwa hesabu ya marehemu mwenyewe, na wauguzi wote waliomvumilia. Tunawashukuru akina Lindgren na majirani waliokuja na mashine saba wakamvunia ngano yote kwa siku moja bila kuitwa, na wengine wenu mlikuwa mmeshauza mashamba yenu na bado mkaja, hilo tumeliona. Tunamshukuru Bi. Verna Schatz, aliyefungua mlango. Tunawashukuru maveterani waliokunja bendera ya jeneza lake kwa vidole vilivyoganda.

Na sasa Darrel aache kujificha nyuma ya jina lake. Ni mimi. Siku ya pili baada ya baba kufa, Bwana Brosz, ulikuja mlangoni kwangu na sinia la viazi na nyama ya kusaga, jina lako limebandikwa chini yake ili lirudi kwako, kama tufanyavyo sote msibani, na ndani ya kadi ya rambirambi uliweka barua ya kampuni yenye bei mpya na mahali pa sahihi yangu. Ukanishika bega ukasema, "Mzee ameshapumzika, Darrel, na wewe ni mtu wa akili." Baba alikuwa hajavishwa suti! Nilikuambia usubiri, na ulisubiri vizuri sana, kwa hiyo una haki ya kupata jibu mbele ya watu. Sinia lako limeoshwa, liko mezani kwenye ukumbi wa chini, karibu na kahawa, na barua yako imo ndani yake, haina sahihi. Mama hatauza, Joleen hatauza, na mimi sitauza.

Ardhi imeganda futi tano na hatuwezi kumzika leo, jeneza litangoja kwenye chumba cha makaburini hadi Mei, kama kawaida yetu. Lakini hatazikwa kwenye makaburi ya kanisa, Mchungaji ameshatuelewa. Theluji ikiyeyuka tutamchimbia katika kipande cha kaskazini, kwenye mstari ule ule ambao nyinyi makamishna mliuchora kwa ajili ya barabara ya malori, na siku mama yetu naye atakapoitwa, atalala kulia kwake, na mimi miguuni pao.

Pumzika kwa amani, baba. Hakuna atakayekuambia tena muda wako umekwisha.