Daktari wa Kwenye Tamthilia

Mwigizaji alikuwa ameivuta kofia hadi kwenye nyusi, ameketi ndani ya basi nyuma ya akina mama wawili, na kabla halijafika hata kituo cha pili akawasikia wakimsema.

"Yule daktari wa kwenye tamthilia," alisema mama wa dirishani, "tulikutana naye kwenye foleni ya benki. Mume wangu akamweleza kifua kinambana. Akamtegea sikio kifuani, akasema, 'Gesi tu hiyo, mzee wangu. Kunywa maji ya moto.' Tukarudi nyumbani roho kwatu. Wiki ile ile nikamzika."

"Jamani, dada! Yule si mwigizaji tu?"

"Najua. Furaha ya kumwona ikanisahaulisha. Sasa yeye mwenyewe, naye alisahau?"

Mwigizaji aliikumbuka foleni ile. Watu walimpigia makofi, naye akainama kama yuko jukwaani. Miaka thelathini ya jukwaa, filamu na runinga, na sasa akaishusha kofia hadi machoni. Basi likasimama kwenye kituo chake. Akajikunyata, akaomba liondoke.

"Daktari!" kondakta akaita kwa bashasha. "Leo hushuki?"

Vichwa viwili vikageuka.