Santuri Sita za Wangila

Kaeni chini wote wawili, na wewe Sella usiniambie nipumzike, nitapumzika sana mkishanifikisha kaburini Kimilili. Maurice, weka hiyo Biblia kwa stuli. Wangila, toka hapo mlangoni unanizibia mwanga, kaa karibu na ndugu yako, haumi.

Mimi sikusoma, kwa hivyo hii wosia mtaibeba na masikio. Vitu zangu si nyingi. Hii nyumba ya Laini Saba ni ya Sella. Yule kuku mwekundu ni wa Rahab wa hapo jirani, msije mkamchinja kwa matanga yangu.

Sasa ile maneno. Tangu ule mwaka wa kura, tisini na mbili, hamsalimiani juu ya santuri. Yule mzungu wa Lavington mwenye Wangila alikuwa anamtunzia maua alirudi kwao, akamwachia santuri sita za hevi metal, ile muziki gita inalia kama fundi anakata chuma na mwenye kuimba anapiga kelele kama amefinywa na mlango. Wangila akaziweka hapa kwangu kwa sababu chumba yake ya Gatina ilikuwa inaingia maji. Maurice akaona mafuvu kwa zile kava za karatasi, akasema mbele ya watu ati ni za shetani, atazichoma. Halafu zikapotea. Wangila akasema ni Maurice, na Maurice akajibu hata kama ni yeye, afadhali. Mjinga wewe, ulikubali dhambi yenye hukufanya ndio uonekane umeokoka.

Na wewe Wangila ukaanza kununua zile zile tena, ati zimechapwa upya ng'ambo, kava ile ile, fuvu lile lile, unangojea Githinji wa duka ya santuri huko mjini mwaka mzima akupatie moja, na kila ikifika unakuja hapa kuniambia, "Mama, hii Maurice hataiona." Harusi ya Sella ulikula ukiwa umesimama nje. Mtoto wa Maurice ana miaka nne na anakuita yule mtu.

Ni mimi.

Nilizitoa mimi. Mvua ilikuwa karibu, mabati inavuja kwa kila msumari, na mnajua vile fundi huweka kipande ya ndara kuukuu ya mpira chini ya kichwa ya msumari ndio maji isipite. Ndara sikuwa nazo. Nikaona hizo sahani nyeusi zimekaa tu, na hapa hakuna mashini ya kuzipiga, nikadhani ni takataka mzungu ameacha, nikazipasha kwa jiko zikalainika, nikazikata vipande na makasi, fundi akazipigilia huko juu na misumari. Kava nikabandika ukutani kuzuia baridi, chini ya hiyo karatasi ya maua, mafuvu yakiangalia mabati ya ukuta. Nyamaza, Sella. Siku ya kwanza niliogopa kusema, siku ya pili mkawa mmeshapigana, halafu nikashikwa na aibu mpaka leo. Lakini nyinyi pia. Miaka sita mnakuja kuketi hapa, huyu Jumamosi, huyu Jumapili, mnakula chakula yangu na kuniambia mabaya ya mwenzenu, mvua inanyesha, hakuna mtu ameangukiwa na tone, na hakuna hata mmoja aliangalia juu.

Sikilizeni. Mkishanizika mrudi hapa, mbandue hiyo karatasi polepole. Kava ni za Wangila. Ataleta mashini yake na hizo santuri mpya, na wewe Maurice utakaa usikilize upande mmoja mpaka uishe, bila kuomba katikati. Misumari msiguse. Sella atalala wapi ikivuja?

Sasa... hapana, sitaki maji, ngoja. Nataka kuwatemea baraka kichwani vile wazee wetu hutema, na mdomo imekauka. Mate iko kidogo, haiwezi tosha vichwa mbili. Maurice, inama. Wangila, na wewe. Leteni vichwa pamoja. Nimesema pamoja, ziguse... hivyo. Mzae, mzeeke... mfunguliane mlango.

Hapo. Msipanguse.