Kwa Nini Dada Hakuvikwa Gauni la Bluu

Ndugu waombolezaji, majirani, wenzake wa dampo, na nyinyi mliokosa viti, aliyesimama hapa ni mdogo wake marehemu, fundi baiskeli ambaye hakuna mnyororo uliowahi kumshinda katika mji huu mzima, shule aliikimbia mapema lakini maisha ya dada yake anayajua kuliko mwenye vyeti, na marehemu mwenyewe alimwagiza ayasome bila chumvi, basi atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, wa kwanza katika watoto watano, siku ya mvua ambayo mfano wake haujaonekana tena, mkunga alifika akielea juu ya mlango, au tuseme alifika amelowa sana. Alianza shule mwaka 1982, akamaliza darasa la saba mwaka 1988, na miaka ya mwanzo alikuwa akienda na mdogo wake huyu mgongoni, ndiyo maana yeye alijua kusoma vizuri na mdogo wake akajua kubebwa vizuri.

Tarehe 6 Mei 1995 aliolewa na fundi mwashi, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja, shemeji yetu akatutoka mwaka 2009, na Februari 2010 marehemu akaingia dampo kuokota chupa za plastiki, kazi ambayo watu wakipishana nayo wanaziba pua, naye akawa anajaza magunia sita kwa siku wenzake wakijaza mawili, mzani wa mnunuzi uliwahi kukatika, mashahidi mpo hapa, ndipo mkamwita Mama Magunia.

Sasa kwenye taka zile kuna sindano zilizokwisha kutumika, zinachoma vidole, na homa ya ini hupitia humo humo, kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2024 zahanati ikatangaza chanjo, sindano tatu kwa miezi sita, lakini wanawake wa dampo hawakwenda, kwanza mlinzi wa getini alikuwa akiwafukuza kwa harufu, pili ukikosa siku moja gunia lako linalala tupu, tatu kulikuwa na mtu pale karakana ya baiskeli aliyeapa kwamba ukichanjwa damu inageuka maji, tena kwamba alimwona kwa macho yake mama mmoja amejikata na kisu yakatoka maji matupu, na mtu huyo ndiye anayewasomea hapa.

Marehemu hakumgombeza, alimwambia tu kwamba, mdogo wangu, mdomo wako una mbio kuliko baiskeli zako, kisha tarehe 12 Desemba akavaa gauni lake la bluu, lile pekee la maana, akaenda yeye wa kwanza, akarudi na pamba imebandikwa mkononi, wanawake wakaona. Tarehe 9 Januari akaweka beseni na sabuni uani kwake, hatua hamsini kutoka zahanati, mmoja akioga na kuvaa lile gauni, wengine walikuwa wakimjazia gunia lake, mwembamba alibanwa kwa pini, mnene aliambiwa asipumue mpaka avuke geti, wakaenda wote kumi na wanne, nesi akadhani ni mama mmoja mwenye usahaulifu. Tarehe 6 Februari wakarudia.

Aprili macho yake yakawa ya manjano, tumbo likajaa, akalazwa tarehe 11 Juni, na Jumatano tarehe 2 Julai 2025, saa nne asubuhi, akatuacha, na tangu jana kuna mnong'ono unapita chini ya turubai hili kwamba ni chanjo iliyomuua.

Hapa mdogo wake hana chumvi hata punje. Marehemu hakuchanjwa. Pamba ile ilikuwa ya kutolewa damu, ilipopimwa ikaonekana homa ya ini imeshamkalia miaka mingi, daktari akamwambia chanjo haimsaidii tena, yeye akasema wenzake wakijua hakuchanjwa hawataenda, akamwapisha mdogo wake, ambaye siri humkaa kama maji kwenye kikapu, aseme siku ya mazishi tu, na hii imemkaa zaidi ya miezi sita, nayo ilikuwa nzito kuliko chochote alichowahi kubeba. Ule uongo wa damu na maji ulikuwa wake, anaomba radhi mbele ya jeneza hili.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha, wenzake wa dampo mliomgeuza kitandani kwa zamu, na mlinzi wa getini, ambaye siku hizi anafungua bila kuuliza.

Na nyinyi shangazi zetu mliouliza kwa nini amevikwa nguo ya kawaida ilhali ana gauni zuri, alikataza mwenyewe. Limefuliwa, limepigwa pasi, linaning'inia nyuma ya mlango wake, kwa sababu Alhamisi hii tarehe 10 ni sindano ya tatu, maji ya kuoga atachota mdogo wake, na magunia yote kumi na manne atajaza yeye peke yake, au tuseme matatu.

Pumzika kwa amani, dada, gauni tumelibakiza kazini.