Punguza: Maisha ya Mama Kitana, Msusi wa Kibarazani

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na msiba, na mlio nyuma kabisa sogeeni mbele. Marehemu hakupenda watu wamsimamie kwa mbali. Mimi ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu mbili: kaka yangu leo hana sauti, na mimi, kama mnavyojua, sina kufuli mdomoni. Niliyoyaandika niliwasomea watoto wake kwanza. Wamefuta mawili, mengine wakasema, "Shangazi, acha, ndivyo alivyokuwa."

Marehemu, tuliyemwita Mama Kitana tangu hajawa mama wa mtu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa shule na mama yake alishona sare za wanafunzi, na wote tisa waliishi katika vyumba viwili ndani ya ua wa shule hiyohiyo, nyuma ya matangi ya maji. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuchezea wanasesere wala vibuyu. Alichezea pindo za mapazia, akizisokota tatu tatu, mpaka nyumba nzima ikawa na mapazia yenye mikia.

Alisoma hapohapo, kuanzia darasa la kwanza mwaka 1965 hadi la saba mwaka 1971. Hakuna mwanafunzi aliyeishi karibu na kengele kuliko yeye, na hakuna aliyechelewa kuliko yeye. Kila asubuhi alikuwa nyuma ya tangi akiwasuka wenzake, na mwalimu mkuu, mama mkali asiyecheka na mtu, alimwadhibu mpaka akachoka. Siku wakaguzi walipotarajiwa, huyohuyo mwalimu mkuu akamletea wasichana sita darasani akasema, "Wewe, hawa vichwa vyao ni vichaka. Nirudishie wakiwa watu." Nafasi ya kuendelea na sekondari hakuipata. Hilo lilimuuma, wala hakuficha, na ndiyo maana watoto wake wote walisoma wapende wasipende.

Ususi alifundishwa na shangazi yake, ambaye kwa mwaka mzima hakumruhusu kusuka hata msuko mmoja. Alimpa kitana tu, agawe nywele, achore njia. "Njia ikipinda, hata ukisuka kama malaika, kichwa kitapinda," shangazi alikuwa akimwambia. Mwaka 1976 alianza kujitegemea kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na tangu hapo hakuwahi kusuka ndani ya chumba. Alitaka mwanga wa asubuhi, ule unaoingia kwa ubavu ukaonyesha ngozi ya kichwa. Taa ya umeme alisema inamdanganya.

Mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka watoto walisinzia wakisukwa. Alijua mitindo yote, kuanzia twende kilioni, ile mistari ya haraka inayokwenda nyuma, mpaka rasta za nywele moja moja zinazokula siku nzima. Lakini alikuwa na sharti lake. Mnawajua wasusi wanaoshika vichwa vitatu kwa mpigo, huyu robo, yule nusu, wa tatu anaambiwa "nakuja sasa hivi" mpaka jua linazama. Yeye alishika kimoja mpaka mwisho. Ukiwa na haraka alikurudisha nyumbani. "Kichwa nusu hakitoki kibarazani kwangu," alisema, na tulimcheka kwa usemi huo miaka yote.

Kaka yangu ni seremala. Mwaka 1978 Mama Kitana alimwagiza kigoda cha kukalia wateja. Kaka akatengeneza kitu cha fahari, kirefu, kina nakshi. Akarudishiwa. "Punguza. Nikimkalisha mtu hapo nitasuka nikiwa nimening'inia." Akapunguza, akarudishiwa. Akapunguza tena, akarudishiwa tena. Sisi nyumbani tulijua kinachoendelea, maana hakuna seremala anayeoga na kuvaa shati la pasi kwa ajili ya kupeleka kigoda. Safari ya nne kaka akaenda na wajomba zetu wawili. Baada ya maneno ya wakubwa, binti akaulizwa ana jibu gani. Akakikalia kigoda, akakitikisa, akasema, "Sasa kimekaa sawa." Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu. Kaka husema kwamba angechelewa wiki moja zaidi, angeoa kwa ubao mtupu.

Sasa nifike kwenye lile jengo, maana najua wengine mmekuja mkilisubiri.

Mwanzoni mwa mwaka 2010, ghala la magunia lililokuwa mashariki mwa nyumba zetu lilibomolewa, na bango likasimamishwa. Ghorofa kumi na nne. Mtaa wetu, mnaujua, ni wa nyumba za chini tupu. Kitu kirefu kuliko vyote wakati ule kilikuwa tangi la maji. Tulikwenda wote kulitazama bango. Kwenye picha jengo liling'aa, lakini nyumba zetu hazikuwepo. Palipo na kibaraza cha wifi walikuwa wamechora miti na mwanamke mmoja anatembeza mbwa. Mama Kitana akaitazama picha ile kwa muda, kitana kikiwa bado kimechomekwa kichwani. "Hivi, huyu wa mbwa ndiyo mimi?" Tulicheka, lakini jioni hiyohiyo tukaitana.

Tulifanya mikutano kwenye kibaraza chake. Mwalimu mstaafu alikuwa mwenyekiti, kaka akaleta mabenchi. Kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi tuliambiwa maoni ya wananchi yalishachukuliwa. Ya wananchi gani? Hakuna aliyejua. Mwenye duka alitaka jengo lije hata kesho: "Ghorofa kumi na nne! Mnajua hao watu wanakula mikate mingapi?" Mimi nilitaka tulale mbele ya malori, na nilikuwa tayari nimechagua mkeka. Mama Kitana aliwasikiliza wote huku anasuka. Kisha akasema, "Tusiseme wasijenge. Watu wanahitaji pa kulala, na sisi tulijengewa. Tuseme wapunguze. Jua la asubuhi ni letu sote, na wao wanataka kulimaliza peke yao." Nilimwambia huo ni upole wa kondoo. Akanijibu, "Wifi, kondoo ndiye anayelala nje. Na huo mkeka wako, mvua ikija utaufunika na nini?"

Kwake halikuwa suala la mandhari. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Bila mwanga ule wa ubavuni, asingeona njia ya kitana, na bila njia hakuna kazi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakujua kazi nyingine. Na kulikuwa na mama yetu, mkwe wake, aliyekuwa na magoti mabovu. Kila asubuhi alitandikiwa mkeka kibarazani, na jua lilivyosogea naye akasogezwa. Ilikuwa ndiyo dawa pekee aliyokubali kuinywa.

Jumamosi tarehe 12 Juni mwaka huohuo alikuja mteja mgeni, mama wa makamo, nadhifu, msusi wake kasafiri na kesho yake ana harusi ya ndugu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akakalishwa kwenye kigoda. Upande mmoja wa kichwa ulipokuwa unakaribia kwisha, simu yake ikalia. Akapokea, akasema, "Kumi na nne ni kumi na nne, tusirudi nyuma. Wale wa pale mtaani watazoea tu."

Binti mkubwa wa Mama Kitana alikuwepo, akimkabidhi mama yake nywele. Anasema mikono ya mama yake haikusita hata kidogo. Alimwambia tu, "Nenda kamwambie Mwalimu chai iko tayari. Na mwite shangazi yako, aje na mdomo wake."

Nilikwenda. Wallahi sikuambiwa kitu. Nikakuta mgeni, upande mmoja wa kichwa mistari safi, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona chui. Nikasalimia, nikamimina chai, na kwa kuwa siku hizo sikuwa na mazungumzo mengine, nikaanza. Nilisema huyo mwenye jengo ana roho ya jiwe la kiberiti. Nilisema nikimtia mikononi atanitambua. Mwalimu akaeleza kwa utaratibu habari ya bomba la majitaka, ambalo hata kwa sisi tuliopo linapumua kwa shida. Mwenye duka naye, aliyefuata harufu ya chai, akatetea mikate yake. Mgeni anatazama magoti yake. Angeinuka aende wapi na kichwa kile?

Mara mama yetu akasema kutoka mkekani, "Mwanangu uliye kwenye kigoda, samahani, jua langu limefika hapo ulipo." Tukainuka wote. Kiti cha msusi, kigoda, birika, mteja na nusu kichwa chake, tukasogea. Baada ya muda tukasogea tena. Mara ya tatu mgeni akauliza, "Kwani kila siku mnahamahama hivi?"

Mama yetu akamjibu, "Kila siku, mwanangu. Ila jengo likija hatutahangaika tena. Jua halitafika."

Mama Kitana akaanza mstari mwingine.

Kazi ilipokwisha, mgeni alijitazama kwenye kioo. Kichwa kilikuwa kizuri, na hilo nalisema mimi nisiyesifu ovyo. Akauliza polepole, "Ulinijua?"

"Tangu ulipopokea simu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeondoka. Na kichwa nusu hakitoki kibarazani kwangu."

"Ungeweza hata kuniumiza."

"Kichwa cha mteja ni amana, mama. Ugomvi wangu uko kule kwenye bango."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Upunguze."

Nilipoelewa nilikuwa nimekaa na nani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kikombe mkononi. Mgeni akaniaga kwa adabu, tena akanitaja: "Kwaheri, wewe wa kiberiti."

Hakutoa ahadi yoyote siku ile, na tusimpambe. Ilichukua karibu miaka miwili. Alirudi na wahandisi wake, akawakalisha kwenye mkeka asubuhi. Aligombana na washirika wake, ofisi ikaitisha mkutano upya, safari hii tukiwepo, na Mama Kitana akasimama mbele ya watu akasema maneno machache kuliko wote. Kumi na nne zikawa tano, na jengo likarudishwa nyuma kutoka barabarani. Jua sasa hutufikia likiwa limechelewa kidogo, lakini linafika. Mama yetu alilipata mpaka siku zake za mwisho. Mwenye duka ananung'unika mpaka leo. Na yule mama, tuliyembatiza Bi Kumi na Nne, akawa mteja wa wifi mpaka mwisho. Hakusukwa na mtu mwingine tena.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alificha kwa kutumia neno "uchovu". Jumamosi tarehe 4 Februari 2023, akiwa kibarazani na kichwa cha Bi Kumi na Nne mikononi, alidondosha kitana. Alijaribu kukiokota mara mbili, mkono ukakataa. Bi Kumi na Nne ndiye aliyemdaka, ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake, nywele za upande mmoja zikiwa zimesimama vilevile kama siku ya kwanza.

Alilazwa kwa kiharusi. Maneno yalimtoka kwa taabu, na tulidhani atatuuliza habari za mumewe au wajukuu. Neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa "nusu". Tulimtuliza, akazidi kuhangaika. Bi Kumi na Nne alipoingia wodini amefunga kitambaa, marehemu aliinua mkono ule mzima akaonyesha kichwa cha huyo mteja wake, machozi yanamtoka. Yule mama akakaa kitandani. "Usijali, mama. Sijaenda kwa mtu. Nakusubiri." Kesho yake binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni msusi kama mama yake, aliitwa karibu. Mama yake akamshika vidole, akavibana kimoja kimoja, akasema, "Wewe. Maliza." Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari, saa tatu asubuhi, kaka yangu akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, ambao ni msusi, dereva wa lori na muuguzi, wajukuu watano, ndugu zake wanne, na wifi mmoja ambaye hajui sasa atabishana na nani. Uchungu huu sijui niupeleke wapi, basi nimeuleta kwenu.

Jambo la mwisho. Mmemwona mama aliyekaa pale karibu na kaka yangu, amefunga kitambaa cheusi. Amenipa ruhusa niseme. Chini ya kitambaa kile, kichwa bado ni nusu. Tulimwambia asukwe kabla ya maziko, asije mbele za watu vile. Akasema hapana, aliahidi kusubiri, na atamsindikiza hivyohivyo alivyomwacha.

Kesho asubuhi, jua likifika kibarazani, kigoda kitatolewa nje na binti atamaliza. Mnakaribishwa, chai itakuwepo.

Nenda salama, wifi yangu. Hakuna kilichobaki nusu. Mungu akulaze penye mwanga.