Mama Mkwe na Bomba

Katika basi la Winnipeg lililojaa makoti mazito, Lorna alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, na hakuwa na budi kuwasikia.

"Mama mkwe wangu amefunga bomba tena," alisema mwanamke mwenye kofia nyekundu. "Kila siku namwambia aliache litiririke, maji yakisimama yataganda chini ya ardhi. Lakini yeye kakulia shamba, kachota maji kwa ndoo. Akisikia bomba linamwaga, kwake ni dhambi."

"Na sasa?" akauliza mzee wa pembeni yake.

"Paipu imeganda. Mafundi wa jiji wana foleni hadi theluji iyeyuke. Wanasema tuvute mpira wa maji kutoka kwa jirani."

"Basi vuta, mwanangu."

"Kwa Petkau? Anayetupa theluji yake yote mlangoni kwetu? Afadhali niyeyushe theluji jikoni."

"Hiyohiyo aliyokutupia?" Mzee alicheka peke yake. "Utayeyusha sufuria ngapi mpaka uoge?"

Lorna aliuma glavu asisikike akicheka.

"Mama mkwe anasema ataenda mwenyewe kumwomba leo jioni," mwanamke aliendelea.

"Na utamwacha?"

"Aende. Nani alifunga bomba?"

"Yeye ni mzee, mwanangu. Na huko nje ni barafu tupu."

Basi lilisimama. Mwanamke aliinuka, akajifunga skafu hadi puani.

"Hawezi hata kuvuka uwanja bila kunishika mkono," alisema kwa kulalamika, akashuka haraka, kama anayemuwahi asitoke peke yake.